Nusu Uso wa Mama Mkwe

Mliponiacha juma lililopita nilikuwa nimesimama jikoni, kitambaa kibichi mkono wa kulia, picha ya marehemu mama mkwe mkono wa kushoto, na nusu ya uso wake imehamia kwenye kitambaa. Karibuni tena mniangalie. Bado niko pale pale.

Kwa aliyechelewa: mimi ni msoma mita za maji mstaafu. Nilijiunga na darasa la kompyuta la wazee pale maktaba, tunafundishwa kurekebisha picha na kuchora michoro kwa programu za bure. Mke wangu akaniamini. Akanipa picha pekee ya mama yake, aliyefariki yeye akiwa mtoto hajaanza hata shule. Picha yenyewe ilikuwa imetunzwa miaka yote na mama yake mdogo, ikaletwa kwetu imefungwa kama dawa. Ilikuwa na mkunjo mmoja na madoa mawili matatu, basi.

"Irekebishe," akasema, akiogopa hata kuifungua, "niione vizuri."

Na mimi, kabla ya kuipeleka kwenye mashine ya kuskani, nikaifuta kwa kitambaa chenye maji. Maisha yangu yote ya kazi sikuwahi kusoma mita bila kuifuta kioo kwanza. Mkono ulikwenda wenyewe.

Mita haina uso, jamani.

Picha ikabaki na jicho moja, pua nusu, na tabasamu lililoishia katikati kama daraja lililosombwa na mafuriko.

"Vipi picha?" mke wangu akauliza kutoka sebuleni.

"Inaendelea vizuri!"

Hilo lilikuwa neno la kwanza. Uongo ni kama kuku wa jirani: ukimwacha aingie mmoja, kesho unakuta banda zima.

Nikaenda kwa mwalimu. Ni binti mdogo, angeweza kuwa kitinda mimba wangu, lakini akishika kipanya cha kompyuta wazee wote tunakaa kimya kama tuko kanisani au msikitini. Darasani wananiita Babu Mita.

"Mwalimu, picha ikipoteza nusu ya uso, programu inaweza kuirudisha?"

"Babu, programu haimjui mtu. Inakijua ulichoipa. Kisichokuwepo hakirudi."

"Hata kwa programu zile za kulipia?"

"Hata kwa hizo." Akanitazama kwa pembe ya jicho. "Babu Mita, umefanya nini?"

"Ni swali tu."

"Maana nilisema somo la kwanza kabisa: picha ya karatasi haiguswi na maji. Unapitisha brashi kavu, unaskani, unahifadhi nakala, halafu unachezea nakala. Ya asili unairudisha ilikotoka."

Somo la kwanza nilihudhuria kwa mwili tu. Mdomo wangu ulikuwa nyuma ya darasa, unamsimulia muuguzi mstaafu habari za mbwa mmoja wa nyumba kubwa, aliyenizoea mpaka akawa ananisomea mita yeye mwenyewe kwa kubweka. Tarakimu ikiwa tatu, anabweka mara tatu. Saba, mara saba.

"Na sifuri?" muuguzi akauliza.

"Ananyamaza."

Muuguzi alicheka mpaka akashika mbavu. Kicheko kile ndicho nilichokibadilisha na uso wa mama mkwe.

"Lakini kama yuko ndugu aliyefanana naye," mwalimu akaendelea, "unaweza kuazima kipande kutoka picha yake. Ila wenyewe uwaambie. Uso wa kuazima usiposemwa ni wizi."

"Yuko mdogo wake," nikasema haraka.

Kweli yuko, huyo huyo mama mdogo aliyeitunza picha. Ila anaishi mji mwingine, na mimi picha yake sikuwa nayo. Nilikuwa na picha moja tu ya mwanamke wa enzi zile, mwenye kilemba cha namna ile, umri ule, na mwanga umempiga vile vile.

Ilikuwa ya mama yangu mzazi.

Hapa inabidi nivute pumzi. Mama yangu alimalizia uzee wake nyumbani kwetu, na yeye na mke wangu walikuwa paka na panya, ingawa hatukukubaliana kamwe nani ni paka. Walikaa meza moja wakizungumza kupitia kwangu.

"Mwambie mkeo chumvi imezidi."

"Mwambie mama yako jiko haliko mbali."

Na mimi katikati, kama waya wa simu. Mama alipofariki, picha yake ya ukutani ilishushwa ili ifutwe vumbi. Mpaka leo vumbi halijaisha. Hii niliyokuwa nayo ilikuwa ya usichana wake. Mke wangu hakuwahi kuiona, nilikuwa nimeificha ndani ya mkoba wangu wa kazi.

Nikaziskani zote mbili. Nikafungua programu ile ya bure. Nikachukua kamba ya kukatia, ile unayoizungusha kwa kipanya, nikaanza kumzunguka mama yangu: paji, jicho, shavu, pembe ya mdomo. Mkono ukiteleza, kamba inaruka, namkata sikio. Narudia.

Mwalimu alikuwa ametueleza kwamba picha za kompyuta hukaa kwa matabaka, kama vioo vilivyolazwa kimoja juu ya kingine. Kioo cha chini nikamweka mama mkwe. Cha juu nikamlaza mama. Mama alikuwa ametazama upande wa pili, nikamgeuza kama kwenye kioo cha kujitazamia. Alikuwa mweusi zaidi, nikampunguza. Kingo nikazififisha. Pale puani walipokutana pakabaki mstari, nikachukua ile zana ya kunakili ngozi kutoka hapa kwenda pale, nikawa napiga kidogo kidogo kama mtu anayeziba ufa.

"Samahani mama," nikasema, nikiisogeza ile pua.

Sijui nilikuwa namwomba msamaha mama yupi.

Ghafla mstari ukapotea. Mwanamke mmoja akanitazama kutoka kwenye kioo cha kompyuta, mzima, mzuri, ambaye hakupata kuzaliwa na mtu yeyote duniani.

"Babu!" Mwalimu alikuwa nyuma yangu. "Hii ni kazi safi! Ndiye huyo mdogo wake uliyemwazima?"

"Ndiye."

"Wamefanana kweli! Jamani, njooni mwone!"

Wakanipigia makofi. Muuguzi mstaafu akanipiga begani, akasema kumbe mdomo wangu una mikono. Nilitamani sakafu ipasuke nishukie chini na kiti changu.

Nikajifariji: mke wangu ataona mwenyewe. Aliishi na mama yangu, atamjua tu. Atanifokea, nitaomba radhi, yataisha.

Nilimpa picha iliyochapwa akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Akaitazama. Akaisogeza karibu na macho, akaitazama tena.

"Sema kitu," nikamwambia.

"Nilikuwa nimemsahau," akasema taratibu. "Nilikuwa sijawahi kukuambia. Nilikuwa nakumbuka mikono tu, inanifunga vifungo vya gauni. Uso ulikuwa umefutika kabisa. Nikiota namwona kwa nyuma." Machozi yakamtoka, hakuyafuta. "Sasa nimemkumbuka."

Akaweka kidole juu ya jicho.

"Hasa hili jicho. Lina huruma, tazama."

Ndugu zangu, lilikuwa jicho la mama yangu. Jicho ambalo kwa miaka mke wangu alisema linamchungulia kama mlinzi wa ghala la sukari.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa tayari kusema, naapa. Yeye akanirukia shingoni, akasema, "Ahsante, baba watoto. Hujawahi kunipa kitu kama hiki."

Nikaufunga mdomo.

Kuanzia siku hiyo kila asubuhi nikawa namsikia sebuleni: "Shikamoo, mama." Anaipangusa fremu kwa kanga. Anamweleza mambo ya nyumbani, anacheka naye, anamsengenya mumewe kwake. Mama yangu, aliyeishi nasi akiisaka shikamoo moja ya moyoni, sasa alikuwa anapokea kila siku. Na mimi nakunywa chai yangu nikiwa nimewapa mgongo wote wawili.

Ningeweza kuishi hivyo. Mwoga anaweza kuishi na lolote. Lakini ndipo akaja Sajini.

Sajini ni jina la kazi, alikuwa askari; kwa kuzaliwa ni mdogo wa mke wangu. Mama yao alipofariki yeye alikuwa anabebwa mgongoni. Aliiona picha, akasimama wima kama anapigiwa wimbo wa taifa.

"Shemeji," akasema, sauti imepasuka, "wewe ndiye fundi wa familia sasa. Tunafanya mkutano wa ukoo hapa kwenu. Utuchoree mti wa ukoo wote, na mama juu kabisa."

"Mimi michoro bado najifunza..."

"Jifunzie kwetu."

Michoro nayo ina visa vyake. Ni programu nyingine ya bure: unachora visanduku, unaviunganisha kwa mistari, ukisogeza kisanduku mstari unakifuata kama mtoto na mama yake. Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa wa kupika chai. Nikaweka swali: Sukari ipo? Ndiyo, kunywa. Hapana, nenda kwa jirani. Nikasahau njia ya kutokea, mshale wa jirani ukarudi kwenye swali. Mwalimu akasema kwa mchoro ule ningekuwa naenda kwa jirani mpaka kiama.

Mti wa ukoo nao ukanipiga chenga. Nilivuta kisanduku kimoja, mistari ikavutana, Sajini akaja kukagua akashika kiuno.

"Shemeji, mbona hapa mimi ni mtoto wa mwanangu?"

"Si ndiye anayekuamrisha siku hizi?"

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Nilifurahi kumchekesha. Kisha nikamwona anaugeukia ukuta, "Umesikia, mama, mkweo alivyo na mdomo?" Furaha ikazimika kama kibatari.

Tukapeleka mchoro kwa wachapaji, wakauchapa kwenye bango refu kama ukuta. Lilipofunguliwa uani, nilirudi nyuma hatua nzima. Uso uliokuwa mdogo kama kiganja sasa ulikuwa mpana kama sinia. Jicho lile lilikuwa saizi ya kisosi. Linanitazama mimi, si mwingine.

"Na mama mdogo anakuja," Sajini akatangaza. "Gari lishakwenda kumchukua. Yeye tu ndiye aliyebaki anayemjua mama kwa macho yake."

Nikapima kwa macho umbali wa geti.

Alifika mchana, bibi mwembamba, fimbo mkononi, mgongo umepinda ila macho makali kama ya mshona vifungo. Watu wakapisha njia. Akasimama mbele ya bango. Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya viti vilivyopangwa, najifanya nahesabu vikombe.

Akatazama. Akatazama tena.

"Mama mdogo," mke wangu akauliza. Ni bibi wa wajukuu, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya mtoto. "Ndiye?"

Bibi kizee akaliacha bango, akamtazama mke wangu usoni. Akamshika shavu.

"Ndiye, mwanangu. Ndiye."

Vigelegele vikapaa. Sajini akapiga saluti mbele ya bango huku analia. Mimi nikashusha pumzi mpaka nikahisi shati limelegea. Nikajiambia: kumbe uzee umemfunika macho, Mungu ni mwema kwa wajinga.

"Mume wa binti yetu yuko wapi?" bibi akaita. "Aje anishike mkono, anipeleke chumbani nipumzike."

Nikamshika. Mkono wake ulikuwa mwepesi kama kijiti. Tukaingia chumbani, akakaa kitandani, akaegemeza fimbo.

"Funga mlango."

Nikafunga.

"Picha yangu iko wapi?"

"Ipo, mama. Inakaushwa."

"Inakaushwa. Kwani ilinyeshewa?"

Nikainama kulinyoosha shuka.

"Sogea dirishani, kwenye mwanga. Nitazame." Nikamtazama. "Hiyo kope yako moja imelala. Uliumia?"

"Hapana, mama. Nimezaliwa nayo."

"Umeirithi kwa nani?"

"Kwa... mama yangu."

"Basi naomba unieleze, mkwe wangu, jicho la mama yako linafanya nini juu ya shingo ya dada yangu?"

Nikapiga magoti. Nikamweleza yote, kitambaa, maji, kamba ya kukatia, makofi. Sikutia chumvi hata punje, na mimi ni mtu ambaye hata salamu natia chumvi. Alinisikiliza bila kupepesa.

"Lakini mama, umesema ndiye," nikanong'ona.

"Nilimjibu mtoto. Sikuijibu picha. Alinitazama kama alivyonitazama siku tulipotoka kuzika, akiniuliza mama anarudi lini. Ningemwambiaje mbele ya watu wote?"

"Basi nisitiri, mama. Nakuomba."

"Nimekusitiri mara moja." Akaichukua fimbo yake. "Sasa nisikilize. Muda si mrefu wataniomba nisimame niwasimulie dada yangu. Mimi ndiye niliyebaki. Nikisimama chini ya uso ule nikasema ndiye, nitakuwa nimemzika mara ya pili, na safari hii kwa mikono yangu. Sitafanya. Nenda kamwambie mkeo. Ukinitangulia, nitakaa upande wako, nitasema ulivyoteleza. Nikikutangulia, sikujui."

"Nitaanzaje?"

"Kwa mdomo huo huo uliodanganyia."

Nilimkuta mke wangu jikoni peke yake, ameinamia beseni, anasuuza vikombe na kuimba kwa pua. Tumeoana miaka mingi, wimbo ule sikuwahi kuusikia.

"Huu ni wa mama," akasema bila kugeuka. "Umenirudia leo asubuhi, maneno yake yote. Uso umeuvuta wimbo."

Nikashika ukingo wa meza.

"Mama watoto. Zamani kazini palikuwa na mbwa..."

"Leo mbwa wako apumzike, mzee. Sikia." Akageuka, mikono inatiririka maji, uso unang'aa. "Unajua nilikuwa naogopa? Tangu waseme mama mdogo anakuja sikulala vizuri. Nilijiambia, akitazama akasema siye, basi mimi mama sina tena, maana huyu ndiye nimeshamweka moyoni. Mwingine sina pa kumweka. Aliposema ndiye, nilitaka kuanguka."

Kwa miaka yangu yote ya kugonga mageti ya watu, nimefukuzwa, nimemwagiwa maji, nimeng'atwa. Sijawahi kutamani kugeuka nikimbie kama nilivyotamani pale, jikoni kwangu mwenyewe.

"Nusu ndiye," nikasema.

"Nini?"

"Ule uso. Nusu ndiye."

Kikombe alichokishika kikateremka taratibu mpaka kikagusa maji.

"Umesemaje?"

"Niliilowesha picha. Niliifuta kwa maji, uso ukatoka nusu. Ile nusu nyingine niliazima."

Hakupiga kelele. Ningeshukuru kelele. Alifuta mikono kwa kanga, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayejiandaa kubeba kitu cha kuvunjika.

"Nusu ipi?"

Nikainua kiganja nikafunika upande mmoja wa uso wangu.

"Hiyo uliyoifunika ndiyo yake?"

Nikatikisa kichwa kukataa.

"Hiyo uliyoifunika," akasema polepole, "ndiyo yenye lile jicho."

"Ndiyo."

"Ninalolisalimia."

"Ndiyo."

"Nililoliambia habari za uvimbe wangu kabla sijakuambia wewe."

Uvimbe? Uvimbe gani? Nilifungua mdomo kuuliza, akainua mkono kunizuia.

"Ni la nani?"

Mlango ukagongwa, ukafunguka kabla hatujaitikia. Sajini, amevaa koti lake la zamani lenye vifungo vya shaba.

"Shemeji! Tunakutafuta ua zima. Mama mdogo keshasimama mbele ya bango. Amekataa kusema neno mpaka fundi wa picha awepo. Watu wote kimya, njoo upesi!"

Akaondoka, viatu vikigonga kibarazani.

Mke wangu alikuwa bado ananitazama. Si kwa hasira. Alikuwa anaupita uso wangu sehemu kwa sehemu, paji, ile kope iliyolala, shavu, kama mtu aliyepotelewa na kitu ndani ya chumba anachokijua.

"Mama watoto, huo uvimbe..."

"Tangulia," akasema.

"Twende pamoja. Nitakuambia njiani ni la nani. Nakuomba."

"Nimesema tangulia."

Nikatoka. Nikakipita kibaraza, nikashika njia katikati ya viti, watu wakinigeukia wakitabasamu, wengine wameshaanza kunipigia makofi. Mbele yangu bibi kizee ameegemea fimbo, na juu yake ule uso mpana kama sinia.

Nikasikiliza hatua za mke wangu nyuma yangu. Sikuzisikia.